Visahani vya hewa vya inchi 9 kwenye mtambo wetu wa majitaka: miezi 7 baada ya kuvifunga

Nasimamia mtambo mdogo wa majitaka wa hoteli ya vyumba 60 huku Bagamoyo, mwaka wa 11 sasa. Tangi la hewa, ambamo bakteria wa kwenye tope husafisha majitaka wakipata hewa, lilikuwa linapulizwa kwa mabomba ya plastiki yaliyotobolewa kwa drili. Viputo vilitoka vikubwa kama ndimu, vikapanda mbio na kupasuka kabla maji hayajafaidi hewa. Blowa mbili, yaani mashine za kupuliza hewa, zilinguruma usiku na mchana, na bado tope lilikuwa jeusi, linanuka mayai viza. Wageni wa vyumba vya nyuma walikuwa wanalala madirisha yamefungwa, jambo lililoniuma sana.

Tuling'oa mabomba yote, tukafunga visahani 24 vyenye mpira wa EPDM, aina ya mpira wa viwandani. Mpira huo una vitundu vyembamba mno, huvioni mpaka uuvute kwa vidole gumba. Hewa ikija vinafumbuka, umeme ukikatika vinajifumba, tope lisirudi bombani. Yale mabomba ya zamani, kila umeme uliporudi nilikuta matundu mawili matatu yameziba.

Wiki ya pili tope lilianza kugeuka. Leo lina rangi ya chokoleti na harufu ya udongo uliolowa mvua. Nikichota lita moja kwenye silinda, baada ya nusu saa tope limeshuka hadi alama ya mililita 300, na maji ya juu ni maangavu. Oksijeni ndani ya maji ya tangi iliyokuwa ikigota kwenye miligramu 0.4 kwa lita sasa inafika 2 na kupita. Blowa moja inatosha. Nazipokezanisha kila siku.

Aliyetuuzia simpi sifa hizo. Fundi wake alikaza visahani, akataka tujaze tangi jioni ile ile aondoke zake. Nilikataa. Nilimwambia, "Fundi, tuweke kwanza maji safi, yavifunike kina cha kiganja tu, halafu tuwashe blowa." Visahani 21 vilitoa viputo laini kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Vitatu vilitokota pembeni kama sufuria ya maharage. Kuvifungua, viwili havina oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa isivuje) kabisa, na cha tatu mpira umekaa upande. Tungejaza siku ile, kuvifikia tena kungetaka tunyonye tangi zima. Vipuri hakuja navyo, wala karatasi ya maelekezo. Oringi tulizifuata Dar kesho yake. Kwa hiyo visahani nyota 5, huduma nyota 2. Ukinunua, jaribio hilo la maji safi lifanyike mbele ya macho yako kabla hujasaini chochote.

Jambo jingine ni mafuta ya jikoni, maana mpira huu haupatani nayo. Mtego wetu wa mafuta ulikuwa unasafishwa mtu akikumbuka. Siku hizi ni kila Jumatatu, na mimi nasimama pale pale mpaka mfuniko urudi. Mpishi mkuu alilalamika mwanzoni. Nilimchukua akaone tope jipya, na tangu hapo yeye ndiye anayewakumbusha vijana wake.

Fungeni pia geji ya presha kwenye bomba la blowa. Yetu ilisoma 0.35 bar siku ya kwanza, leo asubuhi 0.36. Ikianza kupanda nitajua mipira inaziba, na sita ya akiba iko kabatini tayari.