Wavu wa kupandisha dirishani: kabla hujalipa, uliza kinachoushikilia juu

Mwezi wa nne mwaka jana nilibadilisha nyavu za madirisha matatu ya nyuma. Mawili hayana neno. La jikoni ndilo limenifanya niandike haya.

Dirisha hilo linatazama uani, vioo vyake vinafunguka kwa nje, na kila kitu kinapita hapo: sahani, maji ya kunawa, sufuria zinazokwenda na kutoka kwenye jiko la mkaa. Kwa siku wavu unapanda na kushuka hata mara ishirini. Fundi alinifungia fremu ya alminiamu inayopanda kwenye reli mbili za pembeni, wavu safi, rangi ya kahawia kama nilivyotaka. Ikishapanda, ilishikiliwa na vibanio viwili vya plastiki nyeupe, kila kimoja kama kucha ya dole gumba.

Mwezi wa saba kibanio cha kushoto kilikatika. Nilikuwa nampa mama sufuria ya uji, yeye yuko uani ameishika kwa mikono miwili, na fremu ikashuka yote juu ya kifundo cha mkono wake. Uji ukamwagika kwenye kanga na mguuni. Mguu ulipona baada ya wiki mbili, mkono ulikaa na uvimbe zaidi ya hapo. Nilipookota kile kibanio kilikuwa kimegeuka njano, nikakibana kwa vidole kikasagika kama biskuti. Jua la miezi mitatu tu.

Baada ya hapo tukafanya wanachofanya watu wengi: tukaegesha mwiko. Na mwiko una tabia moja, unasahaulika. Magharibi inaingia, kila mtu ana shughuli yake, wavu uko juu, taa ya jikoni inawaka. Usiku wa pili mtoto wangu mdogo aliamka na mapaja yamejaa alama za mbu, nami ndani ya nyumba nina nyavu mpya nilizolipia pesa nyingi.

Kwa hiyo hapa sitakueleza rangi za fremu, wala kukufundisha kupima dirisha, fundi atapima. Nataka uangalie kitu kimoja ambacho muuzaji hatakuonyesha: wavu ukiwa juu, nini kinaushikilia? Kama ni kitu cha hovyo, utaegesha mti, na siku moja mti utabaki hapo usiku kucha. Hata mchana si salama. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, lakini yule wa homa ya dengue huuma mchana, na Dar es Salaam tumeshaona milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Wavu wa jikoni unatakiwa upande, ukae, upitishe sufuria, ushuke. Usipokaa, hautashushwa.

Nazungumzia nyavu zinazokwenda juu. Kama dirisha lako ni la vioo vya kusogeza pembeni na wavu una reli yake ya tatu, hili halikuhusu sana.

Namba moja: fremu yenye pini mbili za springi

Hii ndiyo niliyonayo sasa, na ndiyo nitakayoweka kwenye kila dirisha nikijaliwa. Ni fremu ya alminiamu ileile inayopanda kwenye reli, ila chini kushoto na chini kulia kuna pini ya chuma yenye springi nyuma yake. Reli imetobolewa matundu. Pini ikifika kwenye tundu inaruka ndani yenyewe, tii!, na fremu inakaa. Haitegemei kubana wala msuguano. Uzito wote umelala juu ya chuma kilichoingia ndani ya tundu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu mimi mwenyewe nilisumbuka mara ya pili. Kichwa cha pini nzuri hakiko bapa pande zote. Upande mmoja umechongwa mshazari, kama ulimi wa kitasa cha mlango. Ule mshazari unatakiwa utazame juu. Ukitazama juu, unapandisha fremu kwa mkono mmoja, pini inateleza kutoka tundu hadi tundu bila kuivuta, na upande bapa wa chini ndio unaokalia tundu. Kushusha ndiko kunakohitaji mikono miwili, uzivute pini zote pamoja, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Hutaki kitu kinachoshuka kirahisi.

Fundi wangu wa pili alizifunga juu chini. Mshazari ukatazama chini. Fremu ilipanda kwa taabu, na ikishapanda ilikuwa inashuka yenyewe tundu kwa tundu, tii, tii, tii, kila dirisha la jirani likibamizwa na upepo. Fundi akaniambia springi ni mpya, zitakaza. Springi haikazi kwa kuzeeka. Nilichukua bisibisi, nikafungua skrubu mbili, nikageuza pini, nikafunga. Dakika kumi. Tangu siku ile haijashuka hata mara moja bila kuambiwa.

Pini ziwe mbili. Kuna wanaokufungia moja kwa bei ileile na kukwambia inatosha. Haitoshi. Fremu inashikiliwa upande mmoja, upande wa pili unalala, inakaa mshazari ndani ya reli na kukwama, na ukiilazimisha kona inaachia.

Springi yenyewe iwe ya stenlesi, hasa ukikaa Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach, popote unapolamba midomo ukasikia chumvi. Nenda dukani na kasumaku kadogo. Chuma cha kawaida kitaganda kwa nguvu. Springi ya stenlesi inaweza kuvutwa kidogo, kwa sababu waya ukivutwa kiwandani hupata usumaku kiasi, lakini haigandi kama msumari. Kama inaganda kama msumari, rudisha. Chuma hicho kitashika kutu ndani ya kitundu chake, pini itabaki imezama, na hapo huna pini tena.

Kwenye wavu wenyewe nina upendeleo na siufichi: Phifer. Ni kampuni ya Marekani, iko Tuscaloosa, Alabama, inatengeneza nyavu za madirisha tangu 1952. Ule wao wa nyuzi za kioo zilizopakwa plastiki, matundu 18 kwa 16 kwa kila inchi, ndio nilioweka. Hauna chuma, kwa hiyo hauna cha kushika kutu, na ni mwepesi, na wepesi ndio unaohusu habari yetu: fremu nyepesi inazionea huruma pini. Wavu wa alminiamu karibu na bahari unatoka unga mweupe na baadaye unatoboka. Hakuna aliyenilipa niseme hivi. Nimeunyoosha, nimeusugua kwa brashi na sabuni, mafuta ya samaki yakiwa yameganda, na nyuzi zake hazijasogea. Wavu wa bei ya chini uliokuwepo mwanzo, nyuzi zilikuwa zinahamahama, huku tundu dogo, kule tundu la kupitisha nzi.

Namba mbili: wa kujikunja kwenye roli, wa springi yenye breki

Wazo hili ni la zamani. Kampuni ya Pella ya kule Iowa, Marekani, ilianza mwaka 1925 kwa kuuza wavu wa namna hii hasa, unaojikunja juu kama pazia, na kwa miaka mingi iliitwa Rolscreen kabla ya kubadilisha jina. Juu ya dirisha kuna boksi, ndani ya boksi kuna bomba, ndani ya bomba springi. Unavuta chini, unanasa kwenye kizingiti. Ukiachia unapanda wenyewe.

Uzuri wake ni kwamba kupanda ndiyo hali yake ya kawaida. Springi ikiwa nzima, hakuna cha kumwangukia mtu. Tatizo ni pale fundi anapofunga: springi inazungushwa kwanza mizunguko kadhaa kabla ya kufungwa, na mizunguko hiyo ndiyo kila kitu. Ikizidi, upau wa chini unaruka juu kama teke la punda na kugonga boksi mpaka kofia za pembeni zinapasuka. Ikipungua, wavu haumalizi kupanda, unaning'inia shubiri nzima chini ya boksi na kukugusa kichwa. Muulize muuzaji kama una breki, ile inayoupandisha taratibu. Asipojua unachoulizia, hana. Usio na breki usinunue kama kuna mtoto ndani ya nyumba.

Nimeuweka wa pili kwa sababu springi yake iko ndani ya bomba usiloliona. Pini naiona kila siku nikiosha vyombo. Ile ya ndani ya bomba utajua imechoka siku ilipochoka. Na nyingi za namna hii hazisimami katikati: ni juu kabisa au chini kabisa. Kwa chumba cha kulala, sawa. Kwa dirisha la kupitishia sahani unataka nusu.

Namba tatu: roli ya mnyororo

Huu unasimama popote, na ningeuweka juu zaidi kama si mambo mawili. Kinachoushika ni gia ndogo ya plastiki pembeni ya bomba, na tumeshaona plastiki na jua. La pili ni kubwa zaidi: ule mnyororo wa shanga umefanya duara, unaning'inia, na mtoto anaweza kuuvaa shingoni. Watoto wamepoteza maisha kwa kamba za mapazia za namna hiyo sehemu nyingi duniani. Ukiununua, usimruhusu fundi aondoke kabla hajaufunga ukutani kwa kishikizo, ukiwa umenyooka na kukaza, na kitanda cha mtoto kisiwe karibu.

Wa mikunjo, ule unaojikunja kama kipepeo cha kujipepea, ni mzuri kuliko yote kwa macho na unasimama popote kwa nyuzi zilizokazwa ndani yake. Sebuleni, ndiyo. Jikoni kwetu, kwa ukaangaji wetu, mafuta yanakaa ndani ya kila mkunjo na hutayatoa.

Sumaku, velkro, ndoano, vibao vidogo vya kuzungusha: bei rahisi, na kwa chumba cha kupanga vinasaidia. Havishikilii kitu juu. Unabandua na kubandika.

Sasa niseme la moyoni kuhusu wauzaji.

Kwanza, hesabu ya mita za mraba. Dirisha langu la jikoni ni sentimita 60 kwa 90. Hiyo ni mita za mraba 0.54. Nililipishwa mita moja kamili, kwa sababu "hatukati chini ya mita". Madirisha matatu ya kipimo hicho ni mita 1.62, nikalipia tatu. Na vipande vilivyobaki aliondoka navyo fundi. Nilipoviomba alinitazama kana kwamba naomba mbegu ya mahindi yake. Kama nimelipia mita tatu, mita tatu ni zangu. Siku hizi naandika kwenye karatasi kabla ya kutoa pesa ya kianzio: mabaki ni ya mwenye nyumba. Kwa mabaki hayo nimeziba matundu ya hewa ya choo na stoo.

Pili, na hili linaniuma zaidi, hawataki kuuza kibanio wala pini peke yake. Kibanio kilipokatika nilizunguka maduka ya Kariakoo asubuhi nzima nikiwa na kile kipande kwenye mfuko wa nailoni. Kila duka jibu moja: haiuzwi, nunua fremu. Kitu cha ukubwa wa kucha kinataka nitupe fremu nzima, wavu mzima, reli zote mbili. Duka nililonunua waliniambia ile ilikuwa "original" na haina dhamana ya plastiki. Dhamana nilikuwa nimepewa kwa mdomo, mwaka mmoja, na mdomo ule sikuukuta tena pale kaunta. Pini nilizipata mtaa wa Gerezani, hapahapa Dar, kwa fundi anayechonga vipuri vya vyuma, aliyeniuliza swali ambalo hakuna muuzaji aliwahi kuniuliza: mama, dirisha hilo mnalifungua mara ngapi kwa siku?

Kwa hiyo ukienda dukani fanya hivi. Omba fremu iliyofungwa tayari kwenye reli, si picha kwenye simu. Ipandishe mpaka katikati kwa mkono mmoja, mkono wa pili ushike mkoba wako, kwa sababu nyumbani utakuwa umeshika sufuria. Achia. Gonga fremu kwa ngumi mara tatu. Ikishuka hata upana wa kidole, ondoka. Kisha waombe wakuuzie pini mbili za akiba hapohapo, ziandikwe kwenye risiti ileile. Wakikataa, wanakuambia mapema utakavyotendewa ikikatika.

Na matundu ya reli usimwachie fundi achague. Atatoboa moja, juu kabisa, kwa sababu drili ameikodi. Mimi nilimsimamia, nikaleta vyombo vyangu dirishani, tukapima navyo. Tundu la kwanza liko shubiri moja kutoka chini, la kupokelea sahani na kumpa muuza mchicha pesa yake. La pili linapitisha sufuria kubwa ya pilau pamoja na mikono ya anayeibeba. La tatu liko juu kabisa, la siku ya kusafisha. Kila tundu liwe sawa kushoto na kulia, pima kwa futi, usikubali la kukisia, maana tofauti ya nusu sentimita inatosha pini moja kuingia na nyingine kubaki nje.

Pini za akiba nimezifunga kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, ziko kwenye kopo la chumvi lililo juu ya friji. Mama bado anarudisha mkono nyuma kila fremu inapopanda, anasubiri aisikie ile tii, mara mbili, ndipo anapokea sufuria.