TAHADHARI, Lubumbashi: maboksi ya Just Dance yenye «nyimbo 500 milele»

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hasa mnaotafuta Just Dance, ule mchezo wa video wa kucheza dansi mbele ya televisheni, kwa ajili ya watoto au sherehe ya nyumbani: kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya kuuza na kununua. Tangazo lake halibadiliki: «Just Dance mpya, boksi halijafunguliwa, nyimbo 500, milele, dola 45.» Hana duka. Anataka mkutane mjini, utume pesa kwa M-Pesa mkiwa mmesimama barabarani, kisha huyo anapanda pikipiki. Msimpe kitu.

Mimi natengeneza simu na konsoli, zile mashine za michezo ya video, kwa hiyo waliotapeliwa wanaishia mezani kwangu wakidhani mashine imeharibika. Mashine ni nzima.

Kuanzia toleo la 2023, lililotoka Novemba 2022, Just Dance ya boksi haina diski wala kadi ndani. Kuna karatasi yenye kode. Unaiingiza kwenye duka la mtandaoni la konsoli yako, mchezo unapakuliwa, basi. Kode hutumika mara moja tu, ikishaingia kwenye akaunti ya mtu haitoki. Huyu bwana anapata maboksi ambayo kode zake zilikwisha tumika, anayafunga plastiki upya na kuyauza kama mapya. Boksi aliloniletea mama mmoja wa Katuba, plastiki yake iliunganishwa kwa moto: mshono mnene, mweusi kidogo, umeenda upande. Karatasi ya ndani ilikuwa na mkunjo wa zamani, na mtu alikuwa ameweka alama ya biki kila baada ya herufi nne, vile watu hufanya wakinakili namba ndefu. Tulipoiingiza, konsoli ikajibu kwamba imekwisha tumika. Mama akampigia simu palepale. «Mama, ni rezo (mtandao) tu hiyo, jaribu usiku.» Usiku namba yake haikupatikana tena.

Wengine amewauzia toleo hilo la 2023 kwa ajili ya konsoli ya PS4. Haliwezi kucheza humo hata kode ikiwa safi! Toleo la mwisho kwa PS4 na Xbox One ni la 2022. Kwa Wii ya zamani la mwisho ni la 2020.

Sasa hizo nyimbo 500. Namba hiyo hakuibuni. Diski ya mwaka mmoja huwa na nyimbo kama 40 hivi. Zile mamia zilikuwa kwenye huduma iliyoitwa Just Dance Unlimited, iliyoanza na toleo la 2016; kuanzia 2023 iliyopo ni Just Dance+. Zote mbili ni abonema, yaani unalipia kwa kipindi, na nyimbo zinakuja kwa intaneti, kwa mega zako mwenyewe. Baadhi ya matoleo yalitoa mwezi mmoja wa bure. Hapo ndipo anapochezea: kwa wanaonunua kwake konsoli iliyotumika pamoja na diski, anafungua akaunti mpya, anawasha ule mwezi wa bure, anakupitishia orodha ndefu kwenye televisheni nawe unaona kwa macho yako. Mwezi ukiisha, unabaki na zile 40 za kwenye diski.

Na hilo neno «milele» hata muuzaji mwaminifu hawezi kulitamka. Ubisoft, kampuni ya Ufaransa inayotoa mchezo huu, haimiliki nyimbo za watu. Kwa kila wimbo inatafuta ruhusa kwa pande mbili: wenye utunzi, na wenye rekodi yenyewe, ambao mara nyingi ni kampuni ya muziki. Ruhusa ina muda. Ukiisha wasipoelewana upya, wimbo unatolewa kwenye huduma. Ndiyo maana pia kuna wakati unasikia wimbo unaoujua ukiimbwa na sauti nyingine: ruhusa ya utunzi walipata, ya rekodi hapana. Ulio kwenye diski unabaki kwako, maana hakuna atakayekuja kukukwangulia diski nyumbani.

Siku hizi ameongeza konsoli ya Xbox 360 yenye Kinect (kamera inayoona mwili wako ukicheza) na Dance Central, mchezo mwingine wa dansi, anasema «nyimbo nyingine utanunua mwenyewe polepole». Utanunua wapi? Duka la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024. Diski ya Dance Central ya kwanza, ya 2010, ina nyimbo 32, na kwa nyumba isiyo na intaneti mimi naiona nzuri kabisa. Inunue kwa bei ya nyimbo 32, si ya ahadi.

Wenye bar na sali za sherehe, kuna karatasi anawauzia eti ni «leseni ya muziki» ya mchezo. Ni upuuzi. Michezo hii inauzwa kwa matumizi ya nyumbani. Haki za watunzi kwa muziki unaopigwa mbele ya wateja hapa Kongo ni kazi ya SOCODA, shirika la haki za watunzi, na kwa karatasi ya mtu wa pikipiki umelipa bure.

Ukitaka kununua kwa mtu yeyote: kata Wi-Fi kwanza, kisha hesabu nyimbo zinazobaki. Hizo ndizo unazonunua. Kama ni kode, iingie kwenye akaunti yako kabla pesa haijatoka, na uulize ni ya nchi gani, maana kode ya PlayStation ya Marekani haikubaliki kwenye akaunti ya Ufaransa, na wengi wetu tuna akaunti za huko. Akikataa ujaribu, rudi nyumbani.

Namba amekwisha badilisha, lakini picha ni ileile: boksi juu ya kochi la zambarau, na kidole gumba kimeingia pembeni. Waliouziwa msitupe maboksi wala ujumbe wa M-Pesa. Niandikieni inbox, tunakusanya tupeleke malalamiko polisi pamoja.