Siku mbili kwenye mchanga wa Sharqiya: nyota nne, ya tano imekwenda na maji

Sisi wa Mombasa tunaishi juu ya matumbawe yaliyokufa. Mwamba uliobeba Fort Jesus ulikuwa hai baharini miaka kama 125,000 iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Nimelifundisha hilo darasani miaka mingi. Ushahidi wa pili, wa bahari ilipokimbia, sikuwa nimewahi kuutia mkononi. Basi Januari, nilipokwenda Muscat, Oman, kwa dada yangu, nikaomba tupelekwe Sharqiya, jangwa la mchanga ambalo wengi bado wanaliita Wahiba.

Tulilipa rial 140 kwa watu watatu: Landkruza, dereva, chakula, na kulala kambini Bidiyah. Kambi ni safi, maji ya kuoga yapo, wali na nyama ya mbuzi vilitosha na kubaki. Sina zaidi la kusema juu ya kambi.

La kusema ni juu ya dereva. Mama yake alizaliwa Wete na Kiswahili chake ni cha Pemba. Ni mtu mzima kunishinda, nikawa namwita Ami, naye akaniita Mwalimu hadi tunaagana. Asubuhi ya kwanza, kabla hata hajapunguza upepo wa matairi, alinipa kioo cha kukuzia na kichupa cha siki. "Mwalimu, tuta usilitazame ukubwa. Teka mchanga, utie siki, usikilize." Pale Bidiyah siki ilitoa vipovu vichache. Tulipofika pwani, kusini mwa Al Ashkharah, mchanga ulikuwa umepauka, na siki ileile ikachemka kiganjani, kwa kuwa siki hutoa vipovu ikigusa chokaa ya maganda. Kwenye kioo nikaona vipande vya maganda ya kome na chaza vilivyosagika, laini kama unga wa sembe.

Maganda hayo yalipandaje hadi kuwa vilima? Miaka kama 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yamegandia kwenye barafu, na bahari ikashuka kwa mita kama 120. Ghuba ya Uajemi karibu yote ilikuwa nchi kavu. Mbele ya pwani hii sakafu ya bahari ikabaki wazi, imejaa maganda, na upepo wa kusi ukaikumba miaka na miaka ukisukuma mchanga bara. Kusi huyohuyo ndiye aliyekuwa akirudisha majahazi Arabuni kutoka Unguja na Mombasa. Nilipolisikia hilo kwa Ami nilinyamaza kidogo. Bahari iliporudi ikafunika ghala la mchanga. Mvua nayo ikayeyusha chokaa ya maganda na kuigandisha tena kati ya chembe, matuta ya zamani yakawa jiwe.

Jiwe hilo lipo pwani, limekatwa na mawimbi kama mkate, na ndani yake matabaka yamelala mshazari, kila moja likiwa mteremko wa tuta la wakati wake. Sasa lawama yangu. Ofisi iliyopanga safari haikuangalia saa za maji. Tulifika yamejaa tele, tukaona nusu ya juu tu. Tena ratiba ilitenga saa nne za kurusha gari juu ya matuta na saa moja ya mwamba! Ami ndiye aliyetuokoa: siku ya pili alifuta mchezo wa gari na kuturudisha maji yalipokupwa. Nikayaona matabaka yaleyale yakishuka mshazari hadi majini na kuendelea chini ya maji. Upepo haujengi tuta chini ya bahari. Kwa hiyo tuta lile lilipojengwa, pale palikuwa pakavu. Nimeeleza jambo hilo kwa chaki mara nyingi; safari hii nililigusa, miguu ikiwa ndani ya maji.

Nilimuuliza umri wa jiwe unajulikanaje. Akasema amewahi kuwaendesha wataalamu waliopigilia mabomba mwambani na kuyaziba yasiingie mwanga. Chembe ya mchanga iliyozikwa hukusanya nishati kutoka kwenye mionzi ya udongo unaoizunguka. Jua likiipata, hesabu huanza upya. Maabara hupima ni lini chembe iliona jua mara ya mwisho.

Ukitaka kwenda, omba dereva anayejua pwani, si matuta peke yake, na uwaulize maji yanakupwa saa ngapi kabla hujalipa. Chukua siki yako. Gari lisipande juu ya mwamba. Ami aliliegesha mbali na tukatembea, na mtalii mmoja aliyetaka kupanda na gari lake alimzuia kwa adabu lakini bila kulegea. Mimi nimeshaomba nafasi ya Novemba, siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana, na nimesema wazi: nikipewa dereva mwingine, sitakwenda.