Kampuni za boti Riva na Chris-Craft, nani kabadilika vizuri toka enzi za mbao?

Wadau, mimi nimekulia Kibirizi hapa Kigoma, boti za mbao nimezikalafati kwa mikono yangu, pamba unaisindilia kwenye kila mwanya wa ubao mpaka kidole gumba kinawaka moto, kwahiyo nikiiona Riva Aquarama ya Italia, ile ya mahogani waliyoitengeneza kuanzia 1962 mpaka 1996, moyo unanidunda kabisa. Sasa Riva walivyohamia faiba hawakuitupa mbao, Aquariva bodi ni faiba ila juu kwenye deki mahogani imebaki, inang'aa vanishi, halafu wameshatoa na El-Iseo ya umeme.

Chris-Craft wa Marekani, ambao mwanzilishi wao mzee Smith alitengeneza boti yake ya kwanza 1874, mbao waliiacha zamani, na siku hizi modeli kama Catalina mashine inafungwa nje nyuma kama hizi zetu za mwaloni. Hapo nawapa pointi kweli, maana mashine ikizingua unaifungua umesimama tu, hauingii chini ya deki kuhangaika na giza.

Ila kwa uzuri mimi ni Riva, ile mbao hata kama ni ya juu tu unaona kuna fundi kaishika.