Kilishio gani cha ndege ununue kwanza? Nimevipanga, kuanzia cha kukimbilia hadi cha kuacha dukani

Utotoni, msimu wa mpunga ukifika, kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Alfajiri unapanda dunguni na kombeo lako na debe la kugonga, unapiga kelele mpaka jua linazama na sauti imekauka. Kwelea kwelea mmoja hula kama gramu 10 tu kwa siku, ila tatizo ni kwamba haji mmoja. Leo naishi Morogoro mjini, na ninatoa pesa yangu mwenyewe kununua ulezi ili ndege waje. Mama aliponitembelea akakuta mbegu zinaning'inia mtini, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, kuku unao, halafu chakula unawapa ndege wa porini?"

Sikuwa na jibu. Lakini jioni nilimwona amevuta kiti barazani, kimya, anawatazama.

Vitu vya kuwavutia ndege uani siku hizi vinauzwa kila mahali: mitandaoni, kwenye maduka makubwa, hata kwa mafundi seremala wa barabarani. Nimenunua vingi, na nusu yake vipo stoo. Orodha hii inafuata swali moja tu: shilingi yako inakuletea ndege wangapi, na wa aina ngapi?

1. Sahani ya maji

Ndiyo, maji. Siyo chakula. Wengi wanaanza na mbegu, na mimi nilianza hivyo hivyo, nikapata shomoro na tetere basi. Anayekula mbegu hafanani na anayekula matunda, wala anayekula wadudu hataki ulezi wako, lakini wote wanakunywa na wote wanaoga. Wanaokula mbegu ndio wenye kiu kuliko wote, kwa sababu chakula chao ni kikavu. Ikifika Septemba na Oktoba, kabla ya vuli, majani yamekauka na vijito vimekatika, utashangaa nani anakuja.

Nunua ile sahani ya udongo inayowekwa chini ya chungu cha maua. Yangu ina upana wa kama sentimita 40, niliuziwa shilingi 7,000 na wauza vyungu wa barabarani. Udongo una mkwaruzo, kucha za ndege zinashika. Beseni la plastiki linateleza, na ndege mdogo akishateleza harudi. Kina kiwe sentimita 3 hadi 5, zaidi ya hapo umejenga bwawa la kuzama. Weka jiwe katikati, litokeze juu ya maji, ndege mwoga atue hapo kwanza.

Kwangu mambo huanza saa nne asubuhi. Shore wawili, wale wenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, hutua kwenye jiwe. Mmoja huangalia huku na huku, mwingine huingiza kifua majini, hutikisa mabawa mpaka sahani inabaki nusu. Wakiondoka wanakuja wale wadogo wa buluu, wadogo kuliko shomoro, wanapanga mstari ukingoni kama watoto wanaosubiri bomba. Hao kwenye mbegu zangu sikuwahi kuwaona kabla ya kuweka maji.

Sharti moja: mwaga na ubadilishe maji kila siku. Yai la mbu huhitaji takriban wiki moja kuwa mbu kamili kwenye joto letu, na waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2019 wanakumbuka dengi. Ukimwaga kila asubuhi, mbu hana nafasi. Nilijaribu pia kile chombo cha kunyweshea vifaranga kinachouzwa maduka ya mifugo. Ni rahisi, maji yanabaki safi, ila ndege hawezi kuoga humo, na kuoga ndiko kunakoleta nusu ya wageni.

2. Mche

Najua, ulitaka kusoma kuhusu vilishio. Lakini mche wa shubiri au hibiskasi wa shilingi 3,000 ni kilishio kisichooshwa, kisichojazwa na kisichoibiwa. Shubiri nyingi hutoa maua kiangazi, wakati maua mengine yameadimika, na chozi, yule ndege mdogo anayekunywa maji ya maua, hulijua hilo kuliko wewe. Ukiwa na nafasi, ongeza mpera. Utagawana mapera na pasa, wale ndege wenye mkia mrefu; hilo likubali mapema.

Ukishapanda, weka chini bomba la dawa ya wadudu. Chozi hunywa maji ya maua, ila makinda yake huyalisha wadudu na buibui. Hata kiota chake hukifunga kwa utando wa buibui. Ua uliopuliziwa dawa kila wiki una maua mazuri na hauna ndege.

3. Kilishio cha bomba, kwa ajili ya mbegu

Hiki ni lile bomba linaloning'inia, lenye matundu madogo na vijiti vya kusimamia. Kati ya vilishio vyenyewe, hiki ndicho naweka juu, na sababu kubwa ni kunguru. Kunguru wa India, waliofikishwa Zanzibar miaka ya 1890, wamesambaa pwani yote na kuingia bara. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua milioni moja. Kunguru akizoea ua wako, wadogo wanahama, na mayai na makinda yao yanaliwa. Kijiti kifupi kinamnyima pa kusimama. Hata njiwa hupata shida.

Ukiwa dukani, fungua kitako. Kama hakifunguki, kirudishe kwenye rafu, maana hutaweza kukiosha na baada ya masika moja mbegu za chini zitakuwa uji wenye ukungu. Kisha tazama matundu: yawe na bati pembeni, la sivyo panya atayatafuna usiku. Mwisho chungulia chini kama kuna vitobo vya kutolea maji ya mvua.

Huna hela? Chupa ya maji ya lita moja na nusu na vijiko viwili vya mbao inatosha. Toboa pande mbili, pitisha kijiko, upande wa bakuli la kijiko tanua tundu kidogo ili mbegu zidondokee humo. Itadumu miezi michache. Changu cha kwanza kilikuwa hicho.

Sasa mbegu, ambako ndiko pesa inakopotelea. Marekani na Ulaya alizeti ndiyo mfalme, kwa sababu ndege wao wana midomo ya kuipasua. Wengi wa kwetu ni wadogo: wale wenye kichwa cheusi na tumbo jeupe ambao mtaani kila mtu anawaita chiriku tu, na wale wekundu wa kwenye nyasi. Wape ulezi na uwele. Mtama uchanganye kidogo kwa ajili ya mnana, yule wa manjano anayesuka kiota cha kuning'inia. Mifuko ya mchanganyiko ulioagizwa nje iache. Nusu yake wataitupa chini, na panya watashukuru.

Mambo mawili usifanye mzaha nayo. Usinunue mbegu za kupandia kutoka duka la pembejeo, hasa zenye rangi nyekundu, waridi au kijani. Ile rangi inakuonya kwamba zimetiwa dawa, na dawa hiyo inaua. La pili ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na ndege naye hana kinga. Mbegu ikinuka ukungu, hata kama imeuzwa nusu bei, chimbia shimo.

4. Msumari

Hiki unacho tayari. Pigilia misumari miwili kwenye nguzo au gogo, chomeka nusu ya papai lililoiva mno, au ndizi, au embe lililodondoka. Shore watakuja siku hiyo hiyo, kisha kwenzi wanaong'aa, kisha pasa (wengine huwaita kuzumburu), wale wenye mkia mrefu utadhani panya wamejifunza kuruka. Ondoa mabaki kabla ya giza, la sivyo popo na siafu watamaliza kazi. Nimekiweka cha nne kwa sababu moja tu: hula papai lote kwa dakika ishirini, halafu ua unakuwa kimya mpaka kesho.

5. Chupa ya maji ya sukari

Hapa nilipigwa. Niliagiza mtandaoni chupa nzuri, nyekundu, yenye maua ya plastiki. Muuzaji aliniapia kuwa chozi watajaa. Siku tatu nikakaa dirishani. Chozi alikuja, akazunguka, akajaribu kushika ukingo, akateleza, akaenda zake kwenye hibiskasi ya jirani. Ilinichukua wiki kuelewa kwamba chupa ile imetengenezewa ndege wa Amerika wanaoweza kuning'inia hewani wakipiga mabawa kama nyuki. Ndege hao Afrika hawapo. Chozi anapenda kutua, akashika tawi, ndipo achovye mdomo. Kama unanunua, nunua yenye kijiti mbele ya kila tundu. Mimi nilifunga waya mnene kuzunguka, na siku ya pili yake dume mmoja mwenye kifua chekundu akaketi kana kwamba kiti ni chake tangu zamani.

Kipimo ni sukari nyeupe kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne. Usiweke rangi, wala asali, maana asali ikichanganywa na maji huchacha na kuotesha kuvu haraka. Kwa joto la Morogoro badilisha kila baada ya siku mbili na uoshe kwa maji ya moto. Ukijijua ni mvivu, nunua shubiri ya pili badala yake.

6. Meza ya wazi

Ni ubao tu juu ya mti, na seremala yeyote atakutengenezea. Ndege hutua kwa urahisi na picha zinatoka vizuri. Lakini wanakula na kunya palepale, kila mmoja juu ya chakula cha mwenzake, na magonjwa yanapata njia. Uingereza, tangu ugonjwa mmoja wa koo ulipozuka kwa ndege wa jamii ya chiriku mwaka 2005, aina moja ya kijani iliyokuwa ya kawaida kwenye bustani zao imepungua vibaya sana, na vilishio vichafu vimelaumiwa. Juu ya hayo, meza ni karamu ya kunguru. Ukiing'ang'ania, weka chakula cha kuisha kabla ya adhuhuri na uisugue kila wiki.

Cha kuacha dukani: kile kijumba chenye paa jekundu na dirisha la kuchora. Hakina kitobo cha maji, hakifunguki, na rangi yake hubanduka. Mimi ninacho. Mjusi anaishi humo.

Popote utakapotundika kilishio chako, mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka inatosha: ndege akiona kipanga anakimbilia humo, na paka akijificha humo ndege anamwona anakuja. Kioo kikubwa cha dirisha kiwe chini ya mita moja kutoka kwenye kilishio, au mbali kabisa. Umbali wa katikati ndio unaovunja shingo.

Ukishapata wageni utataka darubini. Tafuta iliyoandikwa 8x42: nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ambao ndio unaoleta mwanga. Zile za mkononi barabarani zenye vioo vyekundu na maandishi ya 60x60 ni za kumpa mtoto. Kabla hujalipa, toka nazo nje ya duka, tazama kibao chenye maandishi upande wa pili wa barabara, kisha tazama mtu aliye hatua tatu mbele yako. Kama herufi zina kivuli cha rangi, au huyo wa karibu hatokei sawasawa hata ukizungusha vipi, mrudishie muuzaji. Uani kwako shore atakuwa hapo hapo, hatua tatu.