Kikombe cha Nani? Uzoefu Wangu na Kitabu cha Mapishi ya Mwambao

Mwishoni mwa Shaabani nilinunua hapa mjini Unguja, kwa shilingi 35,000, kitabu cha mapishi ya mikate na vitu vitamu vya mwambao, nikakipikia Ramadhani nzima hadi siku za Sikukuu. Jina lake silitaji, kwa kuwa mengi nitakayoyasema ni lawama.

Nilianza na mkate wa kumimina, ambao kwangu ndio mtihani wa kitabu chochote kinachodai kuwa cha kwetu. Kitabu kinaagiza vikombe viwili vya unga wa mchele wa dukani uchanganywe na tui, hamira, sukari na yai, kisha mchanganyiko uachwe uumuke. Waliofunzwa jikoni wanajua kwamba mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa ungali mbichi pamoja na kasimele, yaani tui zito la kwanza, mpaka ukawa uji laini mzito, kwa sababu mchele hauna ule mnato wa ngano wa kushikia hewa, na kinachoubeba mkate ni uzito na ulaini wa uji huo tu. Unga wangu mkavu ulizama chini, tui likabaki juu, na nilichokipakua kilikuwa na tabaka mbili: ya chini inakwaruza meno kama mchanga, ya juu inateleza. Kitabu hakikusema hata mara moja uji uwe mzito kiasi gani.

Halafu kuna hicho kikombe. Kikombe cha vipimo cha Kimarekani huchukua takriban mililita 240, kile kinachouzwa kwa vipimo vya metriki huchukua 250, na kikombe changu cha chai, nilipokipima kwa hasira siku ile, kilichukua 180. Mtu anaweza kusema kwamba haidhuru, maadamu vitu vyote vinapimwa kwa kikombe kimoja. Ingekuwa kweli kama yai nalo lingepimwa kwa kikombe. Kikombe kikiwa kidogo, unga na tui hupungua pamoja, lakini yai linabaki yai na kijiko cha hamira kinabaki kile kile, kwa hiyo mkate unanuka hamira na unakuwa na utando wa yai ambao hakuna iliki itakayouficha.

Kuhusu moto, kitabu kinasema nyuzi 350 na kunyamaza. Oveni yangu ya gesi inaishia 250. Mwandishi alikusudia Farenhaiti, ambazo ni karibu nyuzi 177 za Selsiasi, lakini hakuandika. Wala hana neno kwa wale wanaooka kwa makaa juu na chini, nao si wachache visiwani, ambao wanahitaji kuambiwa kwamba makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo mkate unaungua kitako kabla uso wake haujabadilika rangi.

Sura ya shira, kwa haki, nimeisoma mara nyingi na sijaona pa kuitia dosari. Inaeleza kwa nini shira ya kaimati na shira ya visheti haziwezi kuwa moja: ya kwanza inatakiwa ibaki nyororo na inayong'aa, ya pili ipikwe zaidi, kisha visheti vigeuzwegeuzwe ndani yake bila kupumzika hadi sukari igande na kuwa nyeupe. Mwandishi anataja uzi wa shira baina ya vidole viwili, anataja namna povu linavyobadilika, na hapo unamsikia mtu aliyesimama jikoni kweli. Vileja navyo vilinitoka vizuri, kwa sababu ameonya kwamba vikiguswa vingali vya moto vinavunjika.

Halua nisingemshauri mtu aipike kwa kitabu hiki. Kimeipa nusu ukurasa.

Katika kumi la mwisho nilirudia mkate wa kumimina kwa mizani: mchele gramu 500 uliolowekwa, kasimele mililita 400, sukari gramu 200, hamira kijiko kimoja cha chai na ute wa yai moja. Nikauacha uumuke mpaka vitundu vikaonekana usoni, nikaumimina katika sufuria iliyokwisha kupata moto na kupakwa samli. Ulitoka na matundu yake, na vipimo vyote nimeviandika kwa penseli pembezoni mwa ukurasa ule, juu ya vya mwandishi.

Binti wa dada yangu, ambaye ataolewa mwezi ujao, aliniomba nimnunulie nakala yake. Sikununua nyingine, nimempa hii yangu yenye penseli, na mizani pamoja nayo.