Designer ya PowerPoint: uzoefu wangu nikitengenezea akina mama wa omena slaidi

Mimi huwaandalia slaidi akina mama wanaoanika na kuuza omena (dagaa) huku Dunga, Kisumu, wakienda kuongea na watu wa benki ama wa kaunti, kwa hivyo hii Designer, sehemu ya PowerPoint inayokupendekezea mipangilio ya slaidi, naitumia kila mara na kusema ukweli naipenda sana. Kwa PowerPoint iliyowekwa kwa laptopi lazima uwe umelipia Microsoft 365 na uwe na intaneti, kwa sababu slaidi yako inatumwa kwa seva zao ndio mapendekezo yarudi. Kama bando imeisha hupati kitu, kwa hivyo maliza kazi mapema, usingoje mpaka ufike ukumbini.

Vile inafanya: unaweka picha, kulia kunafunguka mipangilio kadhaa, unabonyeza unayopenda na slaidi inajipanga. Nilikuwa na picha ya omena imeanikwa kwa nyavu, jua limewaka, na kichwa tu cha maneno matano, ikanipatia mpangilio mmoja, picha imejaza nusu ya slaidi, maneno yamekaa upande mweupe, safi kabisa. Mama mwenyekiti alipoiona akauliza nani ameichora.

Lakini ujue inataka slaidi nyepesi. Ukijaza aya tatu, jedwali, na mishale uliyochora mwenyewe, mara nyingi haina la kukupa. Tumia mpangilio wa kichwa ama kichwa na maudhui, picha zisizidi nne na zisiwe ndogo sana, halafu usiongeze mashepu juu yake. Mimi sasa hugawa kwanza, jambo moja slaidi moja, bei ya omena peke yake, shida ya mvua wakati wa kuanika peke yake, na hapo ndipo inafanya kazi vizuri.

Kitu ingine, usichukue pendekezo la kwanza kwa sababu tu limependeza kwa skrini. Kumbi zetu nyingi madirisha ni makubwa na mapazia hakuna, na maneno meupe juu ya picha yanapotea kabisa kwa projekta mchana. Chagua yale ya maandishi meusi kwa nyeupe, hata kama yanaonekana ya kawaida. Pia angalia picha imekatwa wapi, inaweza kupunguzwa pembeni ndio itoshee, na mtu aliyesimama mwisho wa mstari asitolewe kwa picha ya kikundi chake, ukibonyeza Crop unaisogeza tu.

Kama unataka templeti nyingi za bure, Canva, tovuti ya kutengeneza michoro na slaidi, inakutosha. Mimi nabaki na hii kwa sababu akina mama wanabadilisha bei wenyewe asubuhi ya mkutano, ndani ya faili ileile, bila kunipigia.